Mama wa Mwezi wa Sita

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Gonia ni punje za mahindi meupe yaliyosagwa, zimenasa kwenye zipu ya begi lake. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chetu, juu ya karakana ya viatu, hajaambiwa bado kitanda chake ni kipi. Krisel, ambaye hapitwi na kitu, akaziona pia.

"Ate Puring, njoo uone! Mgeni kaja na chakula cha kuku."

"Si cha kuku," Gonia akasema, wala hakukasirika. "Tunapika. Kama wali."

"Mnapika mkiwa mmemkosea nani?"

Ate Puring, dada yetu mkubwa wa chumba, alimpiga Krisel kofi la begani, lakini naye alikuwa anacheka. Mimi nikauliza, "Kumbe hata watu hula?"

Nilikua nikila mahindi yale. Kwetu kisiwani wali ulikuwa wa Krismasi na wa msiba, siku nyingine zote ni mahindi meupe yaliyosagwa, yakipikwa yakakauka, na samaki wa chumvi pembeni. Punje zile nilizitambua kabla sijamtazama mwenyewe usoni. Nikajua huyu ni wa kwetu, Mbisaya wa visiwani, labda hata wa wilaya ya jirani. Ndipo nikauliza swali lile.

Niseme kwa nini. Niliacha shule darasa la nne, na nilipofika miaka kumi na minne nilipelekwa Manila kufanya kazi za ndani. Ulimi wetu hautenganishi vizuri *e* na *i*, wala *o* na *u*. Katika nyumba ile watoto walikuwa wananiita sebuleni mbele ya wageni, wananiambia, Marivel, sema neno hili, sema na lile. Nikisema, wageni wanashika matumbo kwa kicheko. Wakubwa wa nyumba walikuwa wakiniita Inday. Kwetu Inday ni jina la upendo, ndivyo mama anavyomwita binti yake, na wasichana huitana "'Day" kama dada kwa dada. Manila wamelifanya jina la mtumishi. Nilipotoka pale nilijifunza kusema kama wao, mwaka mzima nikijirudia peke yangu bafuni, na nilipoingia karakana hii ya viatu hapa Marikina nikamwambia Ate Puring kwamba kwetu ni Lucena, mji wa Watagalogi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu asiyesema sana haulizwi sana.

Gonia hakujificha. Alisema Kitagalogi, lugha ya Manila, kama anavyosema, *e* ikiwa *i*, na Krisel akimwigiza alicheka naye. Jina lake kamili ni Gorgonia, na Krisel alisema hilo si jina, ni bibi wa mtu. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya kamba, yangu kupaka gundi, kwa hiyo tulikaa meza moja, kiatu kikitoka kwake kinakuja kwangu. Miezi minane tulikaa hivyo. Wakati mwingine aliimba kwa lugha yetu, na mimi nilijifanya sijui wimbo unaishia wapi.

Chumbani tuna spika ndogo ya kuchomeka memori. Kila mtu ana siku yake ya muziki, na Jumapili ni ya Ate Puring kwa sababu ya umri. Kila Desemba, siku ya mwisho kabla ya kufunga kwa ajili ya Krismasi, tuna desturi yetu. Kila mmoja anajaza memori moja nyimbo kumi na mbili, wimbo mmoja kwa kila mwezi uliompita. Anaifunga kwenye karatasi, na kwenye karatasi anaandika neno moja tu, jina la mwaka wake. Hasaini. Herufi kubwa, ili mwandiko usimtoe. Memori zote zinaingia kwenye boksi tupu la viatu. Halafu Ate Puring anatoa moja moja, anasoma jina, anapiga nyimbo, nasi tunabahatisha ni ya nani. Mwenyewe akijulikana anainua mkono, anaeleza, na anatugawia nakala. Tunasikiliza nyimbo za wenzetu hadi Desemba nyingine.

Mimi niliisubiri siku hiyo kuliko Krismasi yenyewe. Kuongea siwezi, lakini wimbo unaweza kuuchagua, ukasema mahali pako, na hakuna anayekutazama mdomo.

Mwaka ule aliokuja Gonia, siku yenyewe, saa ya chakula cha mchana, mama yangu akapiga simu. Nilipanda juu ya paa nilipozoea kwenda kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Akaniuliza, "Mwaka umekuwaje, 'Day?" Nikamwambia kwa lugha yetu: *libog*. Maana yake nimechanganyikiwa, sijui niko wapi wala naelekea wapi. Mama akasema hata yeye mwaka huu ni hivyo hivyo. Tukacheka kidogo, salio likaisha.

Nikashuka. Ate Puring alikuwa amesimama na boksi. "Mari, yako tu imebaki. Karatasi hii, kalamu hii, tambi zinapoa."

Nikaandika. Mimi huandika polepole, na nikiandika huwa nafikiria umbo la herufi tu, sifikirii kitu kingine. Nikakunja, nikatia ndani.

Neno hilo, *libog*, kwa Kitagalogi ni kitu kingine kabisa. Kwa watu wa Manila ni ile hamu ya mwili ambayo mtu haitaji mbele ya wakwe zake. Nalijua hilo. Kila Mbisaya akishuka melini huonywa siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimetoka kuongea na mama, na mkono ulikuwa bado uko kwetu.

Tulikaa chini, tambi katikati, lumpia za kukaanga kwenye sinia, soda ya lita mbili. Memori ya kwanza ilikuwa na jina MAGOTI. Kabla wimbo haujaanza Krisel alisema, "Ate Puring, shikamoo magoti," na kweli zilikuwa ni zile nyimbo za zamani za gitaa ambazo huwa zinamliza Ate Puring Jumapili. Ya pili ilikuwa MOTO, na hatukuhitaji kubahatisha, maana Krisel mwenyewe aliinuka akacheza hadi fundi mmoja wa chini akagonga dari.

Ate Puring akafungua ya tatu. Akasoma kimoyomoyo. Akavua miwani, akaifuta kwa gauni, akasoma tena.

"Yesu, Maria na Yosefu."

"Nini? Lete!" Krisel akampokonya. Akasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, halafu akaanguka chali kitandani akipiga teke hewani. "Mwaka mzima! Jamani, mwaka mzima! Miezi kumi na mbili mtu yuko hoi na hasemi!"

"Krisel, punguza sauti, mafundi wako chini."

"Waache wasikie, wamo humu humu kwenye memori! Nani? Mari si wewe, wewe ukiona picha ya mwanamume kwenye boksi la viatu unaigeuza."

Nilikuwa nimeshika uma wenye tambi, sikuweza kuupeleka mdomoni wala kuurudisha.

"Subiri kwanza," akasema Ate Puring. "Hili neno kwa Wabisaya si hivyo. Ni kuchanganyikiwa, kama sikosei. Mume wangu wa kwanza alifanya kazi kule."

"Basi kesi imekwisha," Krisel akakaa. "Mbisaya humu ni mmoja."

Wote wawili wakamgeukia Gonia.

Gonia hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Hakunikazia macho. Aliniangalia kama anavyoniangalia mezani nikichelewa kupokea kiatu, akisubiri tu. Nikaelewa kwamba anajua, na si tangu leo. Labda nilitamka neno vibaya usingizini, labda aliniona nikila samaki wa chumvi kwa mkono kama tunavyokula kwetu. Alikuwa ananiachia nafasi. Niliiona nafasi yenyewe, ndefu, pana. Ilitosha kabisa kusema "ni yangu". Neno fupi. Hata mimi ningeliweza.

Nikaangalia tambi.

"Haya," Gonia akasema. Akainua mkono. "Ni yangu. Na kwetu maana yake ni kuchanganyikiwa. Nyinyi ndio wenye vichwa vichafu."

Krisel akapiga makofi. Ate Puring akachomeka memori, na nyimbo zangu zikaanza. Sitasahau. Nilikuwa nimechagua kila mmoja kwa wiki nzima. Wimbo wa Januari, wa mtu anayehesabu vituo njiani, Krisel akauliza vituo gani hivyo. Wa Februari akaupigia mluzi. Machi nilikuwa nimeweka wimbo wa kanisani, wa kuomba mwanga, naye akasema, "Sikilizeni, anaomba asamehewe!" Hata Ate Puring akacheka hadi akakohoa. Kila wimbo wangu ulioingia, safi kama nilivyouweka, ulitoka umechafuka. Gonia alikaa katikati ya kicheko kilichokuwa changu akijibu mzaha kwa mzaha, akisema ndiyo, ndiyo, mimi ndivyo nilivyo, mkome.

Mimi nilicheka pia. Hilo lazima nilitaje.

Ikabaki memori moja. Sikuwa nimefikiria mbele hadi pale. Ate Puring akasoma karatasi: BADO. "Haya, hii haina haja ya kubahatisha," akasema. "Ni ya Mari."

Mkono wangu ukainuka wenyewe.

Ilikuwa nzuri. Gonia alijua kuchagua. Ilianza na nyimbo nyepesi za kazini, halafu polepole zikapoa. Krisel aliacha kutania. Ilipofika ya sita, Juni, haukuwa wimbo wa redio. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa kwa simu, mwanamke mtu mzima akiguna wimbo, mdomo umefungwa, bila neno hata moja, na nyuma yake sauti ya ungo ukipepeta. Shaa, shaa. Aliguna, akasimama kukohoa, akaendelea.

Mwezi wa Juni nilikuwa naanika nguo nyuma ya ukuta wa bati, na Gonia alikuwa upande wa pili anaongea na kaka yake kwa simu. Alikuwa anapiga kelele. Krisel alipita akaniuliza, "Anagombana na nani yule?" Nikasema, "Nitajuaje?" Lakini nilikuwa nimesikia yote. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ile. Wangemzika Jumamosi. Meli zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya tufani, na Gonia alikuwa anamsihi kaka yake, siku mbili tu, mniwekee siku mbili tu. Baada ya hapo alimwambia Ate Puring kwamba tumbo linamuuma, akalala kutwa nzima amegeukia ukuta. Kesho yake alikuwa mezani, anatoboa matundu. Watu wanaokicheka chakula chako huwapelekei maiti ya mama yako. Na mimi, niliyekuwa najua, nilimpokea kiatu kutoka mkononi sikumwambia pole, kwa sababu pole ile ingeuliza umejuaje.

Sasa sauti ile ilikuwa chumbani kwetu, inapepeta mahindi.

"Nani huyu?" Krisel akauliza, taratibu.

Walikuwa wananingoja mimi. Memori ilikuwa yangu.

"Mama yangu," nikasema.

Krisel alianza kulia. Mama yake yuko Kuwait tangu yeye ana miaka sita, na hajui kama huwa anaguna akifanya kazi. Akaja akanikumbatia, machozi yake kwenye shingo yangu. "Mari, kumbe wewe! Unakaa kimya kumbe una kitu kama hiki. Ana sauti nzuri, jamani. Yu hai?"

Juu ya bega la Krisel nilimwona Gonia. Alikuwa amefumba mdomo, na koo lake lilikuwa linatembea kidogo. Alikuwa anaguna pamoja na mama yake, bila sauti.

"Yu hai," nikasema.

Ate Puring akasema mwaka huo hakuna memori iliyofika hapo. Wakataka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Baadaye nilikuwa peke yangu jikoni nikiosha sahani. Gonia akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta zile nilizoosha. Mlango ulikuwa umefungwa. Akasema kwa lugha yetu, sauti ya kawaida kabisa, "'Day, hayo mengine si kitu. Nirudishie tu ile yangu. Kwenye simu imefutika."

Tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na wa kunicheka wala wa kunisikia. Nikamjibu kwa Kitagalogi, "Unasemaje? Sielewi."

Akanitazama kidogo. Akaiweka sahani juu ya nyingine, bila kelele. "Hakuna," akasema, kwa Kitagalogi naye. "Nilikuwa nauliza sabuni."

Asubuhi kila mtu alikuwa anafunga mizigo kwenda kwao. Viatu vyetu hukaa mlangoni. Nilichukua memori, nikaisukuma ndani ya kiatu chake cha kulia, mbele kabisa panapokaa vidole, halafu nikajifungia chooni hadi nikasikia ameondoka. Niliirudisha kama mwizi aliyeogopa mbwa. Nilijiambia yameisha.

Lakini mafundi wa chini walikuwa wamesikia kweli. Asubuhi ile ile, Gonia alipokuwa anashuka ngazi na begi, nilisikia kupitia dirisha la choo yule mkata ngozi akimwita kwa lile neno, kama vile ni jina lake. Mwingine akamuuliza kama anahitaji msaada njiani. Wakacheka. Nilisikia hatua za Gonia zikiharakisha, halafu geti.

Januari hakurudi. Ate Puring alimpigia, simu haikupatikana. Krisel akasema labda amepata mchumba huko, si alikuwa hoi. Halafu akajisikia vibaya. Kwenye ile meza walimleta msichana mwingine, na viatu vikaendelea kutoka kwake kuja kwangu.

Nakala nilizowatolea Ate Puring na Krisel usiku ule zilibaki. Ate Puring aliipenda ile ya Juni. Jumapili akiwa anakagua viatu huipiga, na siku hizi hata majirani wanaijua. Wanaiita mama wa Mari. Krisel akiugua huniambia, "Niwekee mama yako kidogo." Wananisifu kwa ajili yake. Mara mbili wameniuliza lini watamwona, na mara mbili nimesema kuna siku. Mama yangu mwenyewe nikimpigia nampandia paa bado, na hajui kwamba hapa chini ana sauti ambayo si yake.

Desemba hii tumekaa tena, tambi katikati, boksi limejaa. Yule msichana mpya, Delma, ni mara yake ya kwanza, na Krisel akamwambia, "Kabla hatujaanza lazima umsikie mama wa Mari, ndiye anayefungua." Akachomeka. Ungo ukaanza. Shaa, shaa. Yule mama akaguna, akafika pale anapokohoa. Delma akanigeukia na uso mwema sana.

"Mama yako anatwanga nini, dada?"

Niliwatazama. Krisel alikuwa ameinamisha kichwa kama yuko kanisani. Ate Puring alikuwa amefumba macho.

"Zima kwanza, Krisel," nikasema, na sauti ikatoka kama ilivyokuwa nilipokuwa na miaka kumi na minne, *e* ikiwa *i*. Sikuirekebisha. "Hatwangi, anapepeta mahindi. Na si mama yangu. Ni mama wa Gonia. Alikufa Juni ile na mimi nilijua, kwa sababu mimi ni Mbisaya, na lile neno mlilomchekea Gonia nililiandika mimi."